Ng'ombe Aliyekufa kwa Meseji

Mwanaasha Nyange alikuwa mtu wa kwanza wa Wingwi kuajiriwa kwa kazi ambayo mama yake hakuweza kuieleza kwa majirani. Akiulizwa, mama alijibu kwamba mwanawe yuko Chake Chake "anaandika", na watu wakadhani ni karani wa mahakama, dhana iliyompa bibi yule heshima kubwa kuliko ambayo ukweli ungempa. Ukweli ni kwamba Mwanaasha aliandika programu za kompyuta, na kompyuta, kwa mtazamo wa Wingwi, ni televisheni isiyoonesha mpira.

Babu yake, Safari, alitoka bara kuja kuchuma karafuu za watu wengine. Mapinduzi yakaja, akapewa eka tatu za kwake, na pamoja nazo akaahidiwa kuwa mwenyeji. Eka alikabidhiwa mara moja. Uenyeji ulikawia, kama mambo yote yasiyopimwa kwa kamba, lakini wajukuu zake walipofika skuli walikuwa na Kipemba kiasi kwamba mtu wa Unguja aliwatambua na kuanza kuwacheka kabla hawajamaliza kumsalimu. Huo ndio uraia wenyewe; hakuna cheti kinachoushinda.

Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na ami yake, Mzee Jaribu, ambaye alimsomesha kwa ng'ombe. Kila Mwanaasha alipofaulu, ng'ombe mmoja alitoka zizini akaenda kuuzwa, hata majirani wakawa wanajua matokeo ya mitihani yake kwa kuchungulia zizi. Alipopata shahada, zizini kulibaki dume mmoja.

Dume huyo aliitwa Gofu. Alikuwa mweusi, mwenye nundu iliyolala upande kama kofia ya mtu mwenye majivuno, na hakukuwa na dume mzuri kumshinda upande wote wa kaskazini. Kwa sababu hiyohiyo alipewa jina la nyumba iliyobomoka. Mtu wa Wingwi hasifu kilicho chake. Ukimwambia mtoto wake amenawiri, atakwambia ana homa. Ukimwambia muhogo wake umestawi, atakwambia umeliwa wote na nguruwe, na atakwambia hivyo huku ameubeba kichwani. Si uongo, ni kinga. Jicho la husuda halihitaji kuona, hutosha kusikia. Watu wa miji mikubwa hulipia ulinzi wa mali zao kila mwezi. Wingwi hulindwa bure, kwa malalamiko.

Kila kiangazi kuna mchezo wa ng'ombe. Dume hufungwa kamba ndefu, vijana humchokoza kwa kitambaa, zumari hulia, wanawake humwimbia maneno ambayo binadamu akiimbiwa angehama kijiji, na jioni ng'ombe hurudi nyumbani mzima huku baadhi ya vijana wakichechemea. Wageni waliofika Hispania husema wanaujua mchezo huu, mpaka wanapoambiwa kwamba hapa ng'ombe hafi. Hapo huvunjika moyo na kuuliza gari linaondoka lini.

Gofu alikuwa amecheza misimu kadhaa. Mwaka huu goti lake la mbele lilikuwa limeanza kuleta maneno, na Mzee Jaribu, ambaye magoti yake mwenyewe yalikuwa yameleta maneno zamani, alikuwa amekwisha kuamua kwamba huu ndio wa mwisho. Hakumwambia mtu. Alimwambia mkewe, Bi Kazija, ambaye aliwaambia watu.

Sasa turudi Chake Chake, ambako maendeleo yalikuwa yakipikwa.

Mwanaasha aliajiriwa na mradi mmoja wa mifugo, wenye ofisi ya vyumba vitatu na bango refu kuliko ofisi yenyewe. Mkuu wa mradi alikuwa Bwana Othman, mtu wa Unguja, aliyerudi kutoka kwenye semina nyingi akiwa amejaa maneno kama gunia la karafuu mbichi, zito kubeba, na likianikwa linapungua. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "sauti ya mwananchi". Kila mfugo utakuwa na hereni ya sikio yenye namba. Kila mfugaji ataandikishwa simu yake. Kila mwezi kompyuta itamtumia mfugaji meseji kwa adabu: Assalaam alaykum. Ng'ombe wako yu hali gani? Jibu kwa neno moja.

Kumtaka Mpemba ajibu kwa neno moja ni jambo ambalo hata mahakama hazijawahi kulipata. Lakini Bwana Othman alikuwa mgeni, na wageni husamehewa.

Kazi ya kuifanya kompyuta ielewe hilo neno moja ikawa ya Mwanaasha. Aliifanya kwa namna iliyomfanya atembee ofisini wiki nzima akitabasamu peke yake.

Kwanza aliandika kile ambacho wenzake wa fani huita klasi. Klasi ni kama kigezo cha fundi cherahani: chenyewe si nguo, lakini kila nguo hukatwa kwacho. Klasi ya Ng'ombe ilisema kila ng'ombe ana vitu gani, kama vile umri, mwenyewe na rangi, na anaweza kupatwa na mambo gani. Vitu hivyo na mambo hayo kwa jumla huitwa wanachama wa klasi. Kwa agizo la Bwana Othman, mambo yalipewa majina ambayo mfugaji angeyatamka mwenyewe: amezaa, amechanjwa, amehama, ameuzwa, amekufa. Ukimwita mwanachama kwa jina lake, shughuli yake inatendeka.

Njia ya kawaida, njia ya watu wavumilivu, ni kuandika ngazi ndefu: kama neno lililotumwa ni "amezaa", mwite amezaa, kama ni "ameuzwa", mwite ameuzwa, hivyo hivyo mpaka chini. Tatizo ni kwamba Bwana Othman alikuja na neno jipya kila Jumatatu, na kila Jumatatu ngazi ingehitaji kipago kipya. Mwanaasha hakuwa seremala. Lugha aliyoitumia ilikuwa ya skripti, na lugha za namna hiyo zina ukarimu wa ajabu: zinakuruhusu uandike leo wito wa mwanachama ambaye jina lake hulijui, jina lije kujulikana baadaye, programu ikiwa tayari iko kazini. Kwa hiyo ngazi nzima akaifuta, akaweka mstari mmoja:

$ngombe->$neno();

Siri iko kwenye ile alama ya dola ya pili. Bila hiyo, kompyuta ingemtafuta mwanachama anayeitwa "neno", na hakuna wa jina hilo. Ikiwepo, kompyuta hufungua kwanza lile kasha linaloitwa neno, hutazama mfugaji ameandika nini ndani yake, kisha humgeukia ng'ombe na kumuuliza: unaye mwanachama wa jina hili? Akiwa naye, basi shughuli inatendeka papo hapo. Asipokuwa naye, mfugaji hujibiwa kwamba neno halijulikani. Bwana Othman akileta neno jipya Jumatatu, Mwanaasha anaongeza mwanachama tu, mstari haugusi.

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba "amekufa" si neno la kuachiwa kila mwenye simu, kwa hiyo alimtia alama ya faragha, maana yake asiitwe na mtu aliye nje ya klasi. Ila ule mstari wake mzuri alikuwa ameuweka ndani ya klasi yenyewe, na aliye ndani ya klasi haulizwi habari za faragha. Ni sawa na kumsimamisha mlinzi getini na kumtandikia mgeni kitanda ukumbini. Aliliona hilo siku ileile, akasema atalirekebisha. Mafundi wa kila kazi duniani wana maradhi haya: wakikipenda kitu kwa ufupi wake, hawataki kukirefusha kwa ajili ya usalama.

Mzee Jaribu aliandikishwa miongoni mwa wa mwanzo, kwa sababu ndugu wa daktari ndio wa kwanza kuonjeshwa dawa. Alipewa hereni, akamvisha Gofu, na simu yake ikaunganishwa na jina la Gofu, maana hakuwa na mnyama mwingine. Meseji ya kwanza ikafika asubuhi moja anakunywa chai.

"Wananiuliza Gofu yu hali gani," alimwambia Bi Kazija.

"Nani wanaouliza?"

"Chake."

Bi Kazija akaweka kikombe chini. "Chake nzima?"

Hapo Mzee Jaribu akaona ukubwa wa jambo. Jirani akiuliza habari za ng'ombe wako, unamjua jirani, unajua na jicho lake. Lakini hawa walikuwa wanauliza kutoka mbali, kwa hewa, na jibu litasafiri kwa hewa, likipita juu ya vijiji vyote ambavyo navyo vina madume yao ya mchezo. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Akaandika: mgonjwa.

Simu ikajibu: Neno halijulikani. Jaribu tena.

"Ona," alisema. "Wananiita jina hivihivi, wala hawakusema Mzee."

Akaandika: amekonda. Neno halijulikani. Akaandika: hoi. Neno halijulikani. Akaandika: kilema, kwa kulizingatia lile goti, na akaona ameanza kusema ukweli kuliko alivyokusudia. Neno halijulikani. Ilimwingia kwamba hawa watu wa Chake hawasadiki. Wanajua Gofu ni mzuri, wanataka akiri kwa kinywa chake.

"Wakazie," alisema Bi Kazija.

Mzee Jaribu akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepigilia msumari: amekufa.

Simu ikajibu: Ahsante. Taarifa imepokelewa.

"Sasa wamekuwa na adabu," alisema, akamaliza chai yake akiwa ameridhika. Nje, marehemu alikuwa anatafuna majani.

Ndani ya mashine ya Chake, yule mwanachama aliyeitwa kwa jina lake alitekeleza wajibu wake bila ya kuchelewa, sifa ambayo watumishi wengi wa ofisi hawana. Alimtoa Gofu miongoni mwa walio hai. Aliifuta dozi yake ya chanjo. Alimtumia bwana mifugo wa eneo agizo la kuzika mzoga kwa chokaa. Na kwa kuwa Bwana Othman alitaka mradi wenye utu, alimtumia mfugaji rambirambi, iliyofika wakati Mzee Jaribu amekwenda kisimani na ambayo hakuisoma.

Bwana mifugo huyo, Bakar, alifika baada ya adhuhuri kwa pikipiki, gunia la chokaa nyuma na jembe begani, uso ameupanga kwa msiba.

"Poleni, Mzee."

"Tushapoa. Kuna nini?"

"Nimekuja kuzika."

"Kumzika nani?"

"Gofu."

Mzee Jaribu akageuka akamtazama Gofu. Gofu akamtazama Bakar. "Huyu anayekutazama?"

"Mie nimeambiwa amekufa," alisema Bakar, akatoa simu. "Hii hapa. Na umetuma wewe mwenyewe."

"Mie nilijibu salamu."

"Kwa kusema amekufa?"

"Ulitaka niseme nini, mwanangu? Kwamba ananawiri?"

Bakar alikuwa mtoto wa Wingwi, kwa hiyo hilo alilielewa pale pale, na lilimpa tabu zaidi. Akaegesha jembe ukutani. "Skiza, Mzee. Kumzika sintamzika, wala hataki. Lakini Jumamosi ni mchezo, na mwaka huu wakubwa wamesema hakuna dume anayeingia uwanjani bila ya chanjo. Na chanjo wanatoa kwa aliye hai."

"Basi mchanje. Si huyo hai?"

"Hapa ni hai. Kwenye simu ni marehemu. Nikimchoma marehemu sindano, nitaulizwa dawa nimeipeleka wapi."

Mzee Jaribu alimwendea Gofu, akamsukuma shavu kwa kiganja, kama mtu anayemkera ndugu yake. Bi Kazija, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, ndiye aliyepiga simu Chake.

"Mwanaasha," alisema, "kompyuta yako imemuua ng'ombe wa ami yako. Haya, mfufue."

Mwanaasha alihitaji muda mdogo sana kuelewa lililotokea. Akaufungua mstari wake, akautazama vile mtu anavyomtazama paka aliyemlea akiwa na manyoya ya kuku mdomoni. Kisha akatafuta njia ya kumrudisha Gofu, akagundua kwamba haipo. Klasi yake ilikuwa na mwanachama wa kuzaa, wa kuhama na wa kufa. Wa kufufua hakumwandika. Hilo alikuwa amemwachia Mwenyezi Mungu, nusu kwa adabu na nusu kwa uvivu. Programu aliweza kuibadilisha, hiyo ni kazi yake. Kumbukumbu za ng'ombe hakuweza kuzigusa kwa mkono, kwa sababu Bwana Othman alizifunga yeye mwenyewe: kila badiliko lazima litoke kwenye simu ya mfugaji.

Akaenda kwa Bwana Othman.

"Bi Mwanaasha, ng'ombe amekufa au hakufa?"

"Hakufa, Bwana. Anakula."

"Mwananchi amesema amekufa. Sisi ni nani wa kumbishia mwananchi?"

"Mwananchi huyo ni ami yangu. Alikuwa anamkinga na jicho."

Bwana Othman alivua miwani, ishara kwamba sasa atakuwa na subira. "Imani potofu zina semina yake mwezi ujao. Kwa sasa, fanya hivi. Ongeza neno 'mzima'. Mzee alitume kwa simu yake, ng'ombe arudi kwenye hesabu za walio hai, sisi tuendelee. Si rahisi?"

Ilikuwa rahisi sana. Mwanaasha aliandika mwanachama anayeitwa mzima kabla chai haijapoa. Kazi yake: kumrudisha ng'ombe kwa walio hai na kufungua dozi yake ya chanjo. Akapiga simu Wingwi, akamweleza ami yake neno la kutuma. Upande wa pili ikasikika zumari ya mtu anayejizoeza kwa mbali, vibaya.

"Siliandiki hilo," alisema Mzee Jaribu.

"Ami, ni herufi tano."

"Hata ingekuwa moja. Jumamosi watu wa Wingwi, wa Micheweni, wa wapi na wapi, wote wanakuja kumtazama. Mie niwatangulizie kwa mkono wangu kwamba Gofu mzima? Akivunjika goti mbele yao, nimwambie nani?"

"Asipochanjwa hataingia kabisa."

"Basi hataingia. Bora akae ndani mzima kuliko atoke akavunjika."

Lakini hakukata simu. Mwanaasha alimjua huyu mzee. Ni yeye aliyemtoa zizini ng'ombe baada ya ng'ombe bila kusita, na kila mara akiwaambia watu kwamba kilichouzwa kilikuwa hakifai. Akijua kwamba Gofu hatacheza tena mwaka ujao, alikuwa tayari kumkosesha na mwaka huu, na kuliita hilo busara. Akasema anakuja.

Alipofika Wingwi kesho yake, ua wa miti nyuma ya nyumba ulikuwa umelala chini. Mzee Jaribu alikuwa anausimamisha kwa hasira ya kujionesha, na Gofu amesimama kando, kipande cha kamba kikining'inia shingoni.

"Umeona kazi yake?" alisema kabla hata ya salamu. "Jana kauvunja, leo kauvunja. Anasumbua huyu, anasumbua, sijui nimpeleke wapi. Usiku hanipi usingizi, mchana hanipi raha. Mnyama gani huyu wa kusumbua watu?"

Alikuwa analalamika kama mtu anayesoma kaswida. Mwanaasha aliegemea mlango akamsikiliza. Hakuwa amewahi kusikia taarifa kamili namna hiyo ya afya ya mnyama: nguvu, hamu ya kula, goti linalohimili kuangusha ua wa miti. Kwa mtu wa Wingwi, mambo yote ya muhimu yalikuwa yameshasemwa. Kwa jicho la husuda, hakuna lililosemwa.

"Ami," alisema, "kompyuta ikikuuliza hali yake, ungeweza kuijibu hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwamba anasumbua."

Mzee Jaribu alishikilia mti wake. "Itasema halijulikani."

"Nikiifundisha?"

"Na hao wa Chake watajua maana yake?"

"Mashine itajua. Itajua kwamba yuko hai na anastahiki sindano."

"Na mwenye jicho lake akilisoma?"

"Atasoma kwamba anasumbua."

Mzee akaligeuza neno upande huu na upande huu kutafuta kama lina sifa yoyote iliyojificha ndani yake. "Si uongo," alisema mwisho. "Kwa kweli ananisumbua."

Mwanaasha alifungua kompyuta yake barazani. Akaanza na deni lake mwenyewe: ule mstari wake akauhamisha, akautoa nje ya klasi. Sasa mwenye simu aliyetaja neno la faragha angegonga mlango na kukuta umefungwa, na "amekufa" akabaki wa kuitwa tu baada ya bwana mifugo kuuona mzoga kwa macho yake. Kisha akaongeza mwanachama mpya, anasumbua, mwenye kazi ileile ya mzima. Mstari wenyewe haukuhitaji kubadilika hata nukta. Jina jipya lilipofika, ungelipokea kama ulivyopokea mengine, bila kuuliza limetoka ukoo gani. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliupenda tena, ila kwa tahadhari, kama mtu aliyesuluhishwa.

Bwana Othman alimpigia alipoona neno hilo kwenye mfumo.

"Bi Mwanaasha, hili 'anasumbua' ni istilahi ya kitaalamu?"

"Hapana, Bwana. Ni sauti ya mwananchi."

Bwana Othman akajibu kama mtu aliyekamatwa na bango lake mwenyewe. "Basi vizuri," alisema.

Mzee Jaribu akatuma neno. Simu ikashukuru. Bakar akaja na sindano badala ya jembe, akamchoma marehemu wa juzi begani, na Gofu akauvunja ua mara ya tatu, safari hii kwa sababu inayoeleweka.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu alasiri. Bwana Othman alikuja kutoka Chake na kipaza sauti, kwa kuwa alikuwa amesikia kuna watu. Aliketishwa kwenye kiti cha mbele, Mwanaasha kando yake. Wenye madume walikaa vikundi vikundi, kila mmoja akimweleza mwenzake kwa nini dume wake hafai: huyu ana minyoo, yule haoni vizuri, huyu tena hata asingeletwa ila watoto wamelia. Mzee Jaribu aliwashinda wote. Alisema Gofu alikuwa amekufa wiki hii, na ana ushahidi wa simu.

Gofu akaingia. Mtu anayetaka kujua alivyocheza itambidi aulize Wingwi, na Wingwi watamwambia alicheza vibaya, maana ndivyo wanavyosema pale walioona kitu kizuri. Kijana aliyeshika kitambaa alifika kwenye uzio bila kukumbuka alifikaje. Goti lilihimili. Kamba ililia. Wanawake walimwimbia matusi mapya, yaliyotungwa papo hapo, na hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa inayotolewa pale. Mzee Jaribu alisimama pembeni, mikono nyuma, uso wa mtu aliyekuja kudai deni lake. Ila midomo yake ilikuwa inacheza.

Hapo Bwana Othman akainuka na kipaza sauti chake.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ikafika mpaka msikitini, "hebu mtazameni dume huyu. Mzima. Mkubwa. Mzuri kuliko wote. Anang'aa. Haya ndiyo matunda ya mradi wetu."

Zumari ilinyamaza. Wanawake walinyamaza. Hata watoto, ambao hawajui semina, walitazama chini. Mwanaasha alimvuta Bwana Othman shati, akiwa amechelewa.

Mzee Jaribu alikwishaingia uwanjani. Hakukimbia, watu walimpisha. Akaifungua kamba mtini, akaizungusha mkononi, akamgeuza Gofu kuelekea njia ya nyumbani.

"Mzee, unakwenda wapi?" aliuliza Bakar, kwa sababu lazima mtu aulize.

"Anaumwa," alisema Mzee Jaribu.

"Mungu ampe afueni," walisema waliokuwa karibu, mmoja mmoja, kwa uzito wote unaostahiki, na hakuna aliyetabasamu.

Bwana Othman alikuwa bado ameshika kipaza sauti. "Anaumwa nini? Si nimemwona sasa hivi? Mfumo si unasema mzima?"

"Mfumo hausemi hivyo, Bwana," alisema Mwanaasha. "Mfumo unasema anasumbua."

Gofu, ambaye hakuwa amechoka, alimkokota bwana wake mpaka ukingo wa konde kwa mwendo usiofaa kwa mzee wala kwa mgonjwa. Mzee Jaribu aliishika kamba kwa mikono miwili, akivutwa, akimlaani kwa sauti ambayo kila aliye uwanjani aliweza kuisikia.